Alama chini ya bakuli la bibi

Jana nililiteremsha bakuli la marehemu bibi kutoka kidakani nilipanguse. Lina ufa mwembamba kama unywele, basi nililishika kwa mikono miwili. Nikaligeuza. Kitakoni kuna mnyama mwenye mwili wa simba na kichwa cha binadamu, na maandishi: Petrus Regout & Co., Maastricht. Nimekua nalo machoni, sikuwahi kuyasoma!

Usingizi ukanipaa, nikatafuta. Regout alianzisha kiwanda chake Maastricht, Uholanzi, mwaka 1834, mwanzo cha vioo, halafu vyombo vya udongo mweupe. Vikasafirishwa hadi Unguja na mwambao wetu wote, ndiyo maana kila nyumba ya kizamani ina sahani yake moja ukutani. Mwaka 1899 kampuni ikaitwa De Sphinx, kwa jina la yule mnyama. Mwaka 1958 ikaungana na mshindani wake wa ng'ambo ya mto, Société Céramique.

Kilichoniuma ni mwaka 1969: wakaacha kabisa vyombo vya mezani, wakabaki na masinki na vyoo. Baadaye ikachukuliwa na Sanitec ya Finland, na Sanitec nayo ikanunuliwa na Geberit ya Uswisi mwaka 2015. Maastricht kwenyewe hakuchomwi tena chombo kiwandani humo.

Nani ana sahani yenye alama hii nyumbani? Igeuze, uipige picha, uniwekee hapa. Bakuli la bibi nimelirudisha kidakani, nyuma kidogo, watoto wasilifikie.