Nilivyomchagua mtoto wa mbwa kwa picha za miguu ya mbele

Muuzaji yuko Arusha, mimi niko Dodoma, na watoto wa German Shepherd wa miezi minne walikuwa wamebaki wawili, dume na jike. Picha zake za kwanza zilipendeza ila hazikunifaa. Alizipiga amesimama wima, mbwa wako chini kwenye nyasi. Picha ya kutoka juu hukuza kichwa na kufupisha miguu, na nyasi huficha vifundo, yaani viungo vya mguu vilivyo juu tu ya wayo, mahali ninapopataka kuliko pote.

Nikamwomba apige upya kwenye sakafu kavu isiyoteleza, achuchumae hadi simu iwe usawa wa kifua cha mbwa, tena asisogee karibu mno. Apige kwa mbele na kwa ubavuni, kisha amtembeze mbwa kidogo, amsimamishe, arudie. Hapo pa kumtembeza sikubali parukwe. Mbwa akigeuza shingo tu, uzito unahamia upande mmoja na mguu unaonekana umepinda. Kasoro ya mkao hubadilika picha hadi picha. Ya mfupa hubaki palepale.

Jike vidole vyake vilitazama nje kidogo, lakini mguu mzima ndio uliogeuka, kuanzia juu, viwiko vikiwa vimebanwa kwenye kifua chembamba. Kwa umri ule hilo halikunitisha. Mara nyingi kifua kikijaa, miguu nayo hunyooka.

Dume ndiye aliyenipa wasiwasi. Mguu wake wa kulia ulishuka vizuri kutoka kwenye kiwiko, ukajikunja kama upinde karibu na kifundo, na wayo ukaelekea nje. Picha zote, vilevile. Kati ya kiwiko na kifundo pana mifupa miwili inayokua sambamba, radiasi na ulna. Ulna ikiacha kukua mapema, pengine kwa kuumia, huivuta radiasi inayoendelea kurefuka, nayo hupinda. Nilimsihi muuzaji ampeleke akapigwe eksirei mapema hata kama hachechemei, kwa sababu daktari ana nafasi kubwa zaidi ya kusaidia mbwa angali anakua.

Nilimchukua jike. Alipofika tu nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, akamkunja na kumkunjua viwiko taratibu akisikilizia maumivu. German Shepherd ni miongoni mwa mbwa wanaosumbuliwa sana na ugonjwa wa kiwiko, na mwanzoni huo hauonekani kwenye picha ya simu.