Mfuko wa kutandika kwenye choo cha paka, kwa tunaoishi ghorofani Toronto

Kwetu Lamu paka hatafutiwi choo. Ana mchanga wa ufuoni, ana magofu na vichochoro, na akishakidhi haja yake hufukia mwenyewe akaenda zake. Huku Toronto, ambako wengi wetu tunaishi kwenye fleti za ghorofani na theluji hufunika ardhi kwa miezi kadhaa, paka anaweza kuishi miaka bila ya kukanyaga udongo, na kwa hiyo mchanga hununuliwa dukani, ukatiwa kwenye beseni la plastiki na kusafishwa na mwenye nyumba. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea alisimama mbele ya beseni hilo akauliza, “Mwanangu, paka naye ana msala wake?”

Kwa sisi tunaosali nyumbani, suala hili halikomei kwenye harufu. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani, na ndiyo maana paka akinywa maji ya udhu hatuyamwagi. Mkojo wake, hata hivyo, ni najisi, na fleti nyingi za huku ni ndogo kiasi kwamba zulia la sebuleni ndilo hilo hilo la kusalia. Beseni likivuja usiku, asubuhi kazi ni ya kuosha zulia zima kwa sababu hujui unyevu umefika wapi.

Mifuko ya kutandika ndani ya beseni imetengenezwa ili kuondoa kazi ya kukwangua na kuosha, lakini mingi inayouzwa kwa bei ya chini ni myembamba mno. Paka huchimba kabla na baada ya kujisaidia, kucha zake hunasa kwenye mikunjo ya plastiki, na tundu dogo tu linatosha kupitisha mkojo hadi chini ya mfuko, mahali ambapo hapana mchanga wa kuunyonya. Mkojo ukituama hapo, bakteria huivunja urea na kutoa amonia, ile harufu kali inayochoma pua. Kwa hiyo mfuko uliotoboka hunuka kuliko beseni lisilo na mfuko kabisa, na kwa maoni yangu ni heri mtu akose mfuko kuliko kununua ule mwembamba.

Mchanga wenyewe nao una tabia yake. Edward Lowe wa Michigan alianza kuwauzia watu udongo wa kunyonya unyevu mwaka 1947, wakati wengi walipokuwa wakitumia majivu au mchanga wa kawaida, na katika miaka ya 1980 ukaingia udongo wa bentonaiti, ambao huvimba na kushikana kuwa bonge pindi unapolowa. Ukiumwaga kwa ubahili, bonge hufanyika chini kabisa na kugandamana na plastiki, nawe unapolikwangua kwa koleo ndipo mfuko unapochanika. Kina cha sentimita 7 hivi hufanya bonge libaki juu na kucha zisifike chini kwa urahisi.

Baada ya kuijaribu mifuko ya namna namna, nimebaki na ile mizito myeusi ambayo mafundi wa ujenzi huitumia kubebea vifusi, yenye unene wa mikroni 75 hivi. Kwanza natandika gazeti kwenye beseni kavu. Likionekana na doa siku ya kubadilisha, najua mfuko ulitoboka. Kisha naingiza mfuko, naulaza kwa kiganja kuanzia katikati kuelekea pembeni mpaka mikunjo iishe, nakunja ukingo wake nje ya beseni na kuubana kwa lastiki pana ya kushonea nguo, chini kidogo ya mdomo wa beseni. Kazi kubwa iko kwenye pembe nne, kwani huko ndiko plastiki hujikusanya na kucha hunasa. Koleo liwe la plastiki lenye ncha butu, na kucha za paka zipunguzwe mara kwa mara.

Ipo pia mifuko yenye matundu, inayopangwa tabaka juu ya tabaka, ambayo ukiinua tabaka la juu mchanga huchujika na mabonge hubaki. Sikuipenda, kwa kuwa mkojo nao hupita kwenye matundu hayo hayo na bonge hushikana na plastiki. Ya turubai, inayofuliwa na kutumika tena, ni imara, ila sioni ustaarabu wa kuitia kwenye mashine ya kufulia inayotumiwa na wapangaji wote wa jengo. Na wapo paka wasiotaka kusikia mchakacho wa plastiki hata kidogo. Paka wa namna hiyo usishindane naye, maana atahamia kwenye zulia.

Mfuko mzuri haukuondolei wajibu wa kuzoa kila siku. Vimelea vya toksoplazma, vinavyoweza kutoka na kinyesi cha paka aliyeambukizwa, huhitaji siku moja hadi tano ndipo viweze kumwambukiza mtu, kwa hiyo kinyesi kilichozolewa mapema hakipewi nafasi hiyo. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hii.

Siku ya kubadilisha mchanga wote, usiuinue mfuko kwa kamba yake, kwani udongo uliolowa unaweza kuzidi kilo 10 na kamba hukatika njiani kuelekea kwenye lifti. Ninachofanya ni kutoa lastiki, kuufunga mfuko ungali ndani ya beseni, kulivisha beseni lote mfuko wa pili kwa juu, kisha kupindua kila kitu kwa pamoja na kulichomoa beseni likiwa tupu. Hapa Toronto mchanga na kinyesi cha paka hupokewa kwenye pipa la kijani la taka zinazooza, hata vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Miji mingine ina taratibu zake, na wengi wanakatazwa kuvimwaga chooni.