Namba ya upande wa ndani

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimechuchumaa na geji ya upepo mkononi. Binti yangu akapitisha kidole ubavuni mwa tairi, akasoma kwa sauti: "Mbili, tatu, moja, tisa. Baba, hii ni simu ya nani?" Nikamwambia tairi nalo lina tarehe yake ya kuzaliwa: juma la 23, mwaka 2019. Akaridhika, akakimbilia baiskeli yake. Mimi nikabaki nikiikumbuka Carina, gari la Mjomba.

Oktoba 2007. Tulikuwa tunamrudisha Bibi Njombe baada ya matibabu ya macho Dar. Mimi nimekaa mbele, Bibi nyuma na mto wake na kikapu cha maembe. Morogoro tukanywa chai, Mikumi tukapita polepole kwa ajili ya wanyama, na kufika saa nane mchana tulikuwa kwenye bonde la mibuyu, jua linachoma lami mpaka inameremeta.

Lazima niseme kuhusu Mjomba. Hakuwahi kuwasha gari asubuhi kabla ya kulizunguka. Alipima upepo alfajiri matairi yakiwa baridi, kwa sababu yakishatembea hewa ya ndani hupata joto na kutanuka, na geji ikakupa namba kubwa isiyo ya kweli. Kiwango alikisoma kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, alinifundisha, ni kikomo cha tairi lenyewe, si kipimo cha gari lako. Kisha alipitisha kiganja kutafuta uvimbe, akachungulia vile vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji: mpira ukilika hadi kulingana navyo, imebaki milimita 1.6, na hilo limeshakuwa kipara. Mwisho alifungua buti na kupima spea. Watu wangapi hupima spea? Siku ile pia alifanya yote hayo, mimi nikimshikia tochi.

Kwanza ulikuja mtetemo. Mdogo, chini ya kiti, kama mtu anayegonga kwa kidole. Mjomba akazima redio. "Unasikia?" akaniuliza, na kabla sijajibu tairi la nyuma kushoto likapasuka.

Nimewahi kusikia baruti machimboni. Mlio ule ulikuwa karibu zaidi. Mkia wa gari ukaondoka. Nakumbuka pua ya gari ikielekea katikati ya barabara, na mbele yetu lori la mizigo likija, taa zake zimewaka mchana kweupe. Vipande vya mpira vilikuwa vinapiga bodi kwa nyuma, pa, pa, pa. Bibi akapaza sauti: "Mwanangu, breki! Shika breki!" Nikatazama miguu ya Mjomba. Mguu wake wa kulia ulikuwa unainuka kutoka kwenye mafuta, taratibu, taratibu mno, na haukwenda kwenye breki. Ukabaki hewani. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, mishipa imetoka, akirudisha pua kushoto kidogo, akiiachia, akirudisha tena. Hakusema neno. Lori likapita kwa honi ndefu na upepo wake ukatutikisa. Ndipo gari likaanza kuchoka lenyewe, ringi ikikwaruza lami, mpaka tukateremka kwenye changarawe na kusimama chini ya mbuyu.

Bibi alikuwa anasali. Alipomaliza akauliza, kwa hasira kabisa, kwa nini hakumsikia. "Mama," Mjomba akasema, "ningekanyaga breki uzito wote ungekimbilia mbele, nyuma ingekuwa nyepesi, tungezunguka. Ningekuzungusha mbele ya lori." Ndipo mikono yake ilipoanza kutetemeka.

Spea ilikuwa na upepo wake wote. Tukafunga, tukaingia Ruaha Mbuyuni mwendo wa pole, tukatafuta fundi pancha katikati ya mafungu ya vitunguu. Mjomba alitaka kuelewa. Tairi lile alilinunua miezi michache nyuma, la mtumba lakini lenye mifereji mirefu, halina kiraka. Fundi, kijana wa rika langu, hakutazama mifereji. Aliligeuza, akafuta vumbi upande uliokuwa umeelekea ndani ya gari, akaweka kidole mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu tatu: 439.

"Mzee, za kuanzia mwaka 2000 zina tarakimu nne. Hili ni juma la 43, mwaka unaoishia na tisa."

"Tisini na tisa?"

"Au themanini na tisa. Hapa haisemi."

Baadhi ya viwanda viliweka pembetatu ndogo kuonyesha miaka ya tisini, lakini pale mpira ulikuwa umekwaruzika. Fundi akakunja kipande cha ubavu na nyufa nyembamba zikafunguka. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, hukauka, na waya zilizo chini ya mifereji huachana nao. Joto la bonde lile na mzigo vikamalizia. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 6 hata kama mifereji ni mizima.

Upande wa nje, ule ambao Mjomba aliupapasa kila alfajiri, haukuwa na tarehe. Tarehe iliandikwa upande mmoja tu, na aliyelifunga akaielekeza ndani.

Mjomba anashikilia hadi leo kwamba kosa ni lake, kwamba mnunuzi asiyeligeuza tairi amenunua nusu. Sikubali. Alikuwa makini kuliko dereva yeyote niliyemjua, na makini ile ndiyo iliyotupa spea yenye upepo kwenye jua lile. Ila siwezi pia kumwambia kwamba ilitosha. Tumebishana hivyo misiba na harusi nzima nzima.

Nilipompigia Jumamosi kumsimulia habari ya mjukuu wake na "namba ya simu," alicheka, halafu akauliza lile basi watakalopanda watoto Desemba kwenda Njombe, nani ameangalia upande wa ndani. Tiketi tumeshakata. Kesho nitapita stendi niulize.