Bari 6 usiku kucha

Shinikizo la mafuta ya boila: bari 6 saa nne usiku, bari 6 saa nane, bari 6 saa kumi na mbili asubuhi. Nilipofungua daftari la zamu na kuona namba ileile imejirudia ukurasa mzima, nikajua kuna jambo. Mafuta yanayosukumwa na pampu hayatulii hivyo. Kipimo kisicho na hitilafu huchezacheza kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala. Kikitulia tuli, kuna kitu kimekikaba koo.

Mimi ni fundi wa vipimo katika kiwanda kimoja hapa Eneo la Viwanda, Nairobi. Boila yetu huchoma yale mafuta mazito meusi, na kabla hayajafika kwenye kichomeo hupashwa hadi karibu nyuzi 100 ili yapulizike vizuri. Kutoka bomba kubwa, paipu ya nusu inchi hupeleka shinikizo hadi kwenye transimita, kipimo kinachotuma namba kwenye skrini. Shida iko hapo: mafuta ya bomba kubwa yanatembea, ya paipu ndogo yamekaa tu. Yakikosa joto, yanaganda. Ndiyo maana paipu hiyo hufungwa pamoja na kijipaipu cha mvuke, vyote viwili vikavikwa blanketi moja. Na huu ulikuwa mwezi wa Julai, ambapo ukishuka matatu alfajiri unatembea mikono kwapani.

Nilimwomba mwendeshaji wa boila apandishe shinikizo kidogo. Sauti ya pampu ikabadilika, moto nao ukabadilika. Namba ikabaki 6. Tukahamia boila ya pili, nikaandikiwa kibali cha kuanza kazi kwenye paipu hiyo.

Kuna kovu kwenye muundi wangu wa kushoto ambalo ndilo lililonifunza kutokuwa na haraka. Zamani, katika kiwanda kingine, nilifungua valvu ya kutolea uchafu chini ya chujio la mafuta. Hakikutoka kitu. Nikaongeza. Kimya. Nikaifungua yote, nikachukua waya nikaanza kuchokonoa, na uchafu ukaachia kwa mpigo mmoja. Buti lilijaa mafuta ya moto kabla sijajua nirukie wapi.

Mzee aliyenipokea nilipohamia hapa alikuwa ametoka kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi 1963 na kuacha kusafisha mafuta ghafi 2013. Alilitazama lile kovu akasema, "Kijana wangu, paipu ikikunyamazia usidhani imekwisha." Kisha akanisimulia habari ya Feyzin, Ufaransa, Januari 1966. Mfanyakazi alikuwa akiondoa maji chini ya tangi la gesi ya propani lenye valvu mbili, moja juu ya nyingine. Alianza na ya chini, kisha akaifungua ya juu kidogo tu. Kukaganda, mtiririko ukakatika. Alipoongeza ya juu, kizibo kikatoka na gesi ikafumka, valvu zisifungike tena. Wingu likafika barabarani, gari likaliwasha. Walikufa watu 18. Utaratibu ulikuwa kufungua ya juu yote, halafu kupimia kwa ya chini, maana barafu ikifanyika chini bado unaweza kufunga juu. Tangu siku hiyo sijawahi kugusa valvu mbili bila kujiuliza ipi iko karibu na tangi.

Turudi kwenye paipu yangu. Niliifunga valvu ya kwanza, ile ya kwenye bomba kubwa, nikatia kufuli na kibao. Bado sikuiamini: kati ya valvu na kizibo cha mafuta yaliyoganda huenda shinikizo limejifungia. Nikavaa ngao ya uso, nikalegeza kitundu cha kutolea kilicho kwenye transimita, kidogo sana, nikiwa nimesimama kando. Mafuta yakachungulia kama samli ya asubuhi, yakasimama. Nilipogusa kijipaipu cha mvuke kilikuwa baridi. Kile kidude cha mwisho kinachotoa maji na kuzuia mvuke kilikuwa kimekwama, maji yakajaa, mvuke ukakosa njia. Hicho nilikibadilisha kwa dakika ishirini.

Kuyeyusha ndiko kulikokula siku. Kijana ninayefanya naye kazi alitaka kuleta tochi ya gesi. Nikamkatalia. Akataka mpira wa hewa kutoka kwenye kompresa. Nikamkatalia tena, maana hewa ikisukuma kizibo kwa nyuma hukifanya risasi. Tulitumia matambara na maji ya moto, tukianzia upande ulio wazi na kupanda polepole kuelekea bomba kubwa. Ukipasha katikati, mafuta yanatanuka huku yamezibwa kote kote, na paipu ndiyo italipa. Baada ya saa mbili kamba nyeusi ikaanza kushuka kwenye ndoo.

Kikabaki kipande kigumu mdomoni mwa valvu, tope na majivu yasiyojua moto. Hapo tukatumia kifaa alichotuachia Mzee: fimbo ya chuma inayopita ndani ya kizuizi chenye nyuzi za kubana, hivyo unachokonoa huku mafuta yamezuiwa nyuma. Kilichongwa na fundi wa mashine karibu na Barabara ya Enterprise, na kabla ya kukitumia kilijaribiwa kwa maji, shinikizo mara moja na nusu ya lile la kazi. Fimbo ina alama za tupa, ili ujue ncha imesharudi nyuma ya valvu kabla hujaifunga. Bila alama hizo utaifunga valvu juu ya fimbo, nami nimeshaona hilo likitokea. Valvu yetu ni ya kunyooka ndani. Ya kupinda fimbo haipiti.

Tukasuuza, tukarudisha blanketi, tukafungua mvuke. Nimeomba transimita ya aina yenye kiwambo, ambayo haihitaji mafuta yafike hadi kwake. Foremani amesema bajeti ijayo.

Saa kumi jioni boila ikawashwa. 5.8, 6.1, 5.9, 6.0. Kijana akaitazama skrini kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama transimita haijaharibika, mbona haitulii.