Moyo Wangu Ulivyokamatwa Ukikimbia

Kwa miaka mitatu niliambiwa ni wasiwasi. Niko kwenye cherehani hapa Kibuye, Kisumu, naunga mkono wa blauzi, mara moyo unaruka na kuanza mbio, ghafla kama taa iliyowashwa. Baada ya nusu saa unaacha, ghafla vilevile. Nikifika zahanati, kipimo cha umeme wa moyo kinatoka safi. Narudi nyumbani na dawa za usingizi.

Sista mmoja ndiye aliyenifumbua macho. "Mama, usingoje utulie. Njoo nao hivyohivyo, unakimbia."

Ulipoanza tena nilimwachia jirani kibanda, nikapanda boda. Nikabandikwa vile vibandiko vya baridi kifuani, nyaya zikaunganishwa, karatasi ya miraba ikaanza kutoka. Daktari alinihesabia kwa ncha ya kalamu: karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mraba mkubwa ni sekunde 0.2. Kati ya pigo na pigo palikuwa na mraba mmoja na nusu tu. Mapigo 200 kwa dakika, nami nimelala! Nililia, na haukuwa woga. Hatimaye tatizo langu lilikuwa limeandikwa.

Alinieleza kwamba seli za moyo zina milango midogo: sodiamu huingia kwa kasi, kalsiamu hufuata na misuli ikakaza, kisha potasiamu hutoka, seli ikapumzika. Kwenye kituo cha umeme kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo, kalsiamu ndiyo hufanya kazi kubwa. Kwangu umeme ulikuwa unazunguka hapo badala ya kupita na kwisha.

Akanipa bomba la sindano la mililita 10, bila sindano. "Puliza mpaka pistoni isogee, sekunde 15." Nilikuwa nimekaa nusu, nilipomaliza wakanilaza chali na kuniinua miguu sekunde 15 nyingine. Kupuliza na kulala hivyo huamsha neva inayofungulia potasiamu mlango na kubana kalsiamu, umeme ukakosa njia ya kuzunguka. Nilisikia pigo moja zito, kimya, halafu moyo wangu wa kawaida.

Sasa mume wangu anajua kuniinua miguu. Tukishindwa, au nikisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, ni hospitali moja kwa moja. Karatasi ile hufifia kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo niliipiga picha jioni ileile. Iko kwenye simu, na kila daktari mgeni namwonyesha kabla hajaniuliza kama nina mawazo.