Zile sekunde 0.3

Mwezi ujao wanafunzi wangu sita wa fizikia wanakwenda kwenye mafunzo ya utafiti, wiki nane kila mmoja. Waliniomba niwafundishe Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Tutafika huko, lakini Jumamosi iliyopita niliwapa uzi, gololi ya chuma yenye kulabu, rula ya mita na stopwochi, nikawaambia: tengenezeni pendulamu mnipimie g ya hapa Dar es Salaam, yaani mchapuko wa mvutano wa Dunia.

Wakatazamana. Jaribio hilo wanalijua tangu sekondari. Haikupita saa moja na nusu, makundi yote matatu yakaniletea 9.81 m/s², namba ya kitabuni. Yote matatu!

Nikaomba madaftari. La kwanza lilikuwa limefutwa mpaka karatasi imetoboka, ila pembeni bado ilisomeka: uzi mita 1, kwenda na kurudi mara 100, sekunde 200.9. "Tulikosea, Madam," akasema binti mmoja, "tukarudia mpaka ikakaa sawa."

Hawakukosea. Dunia inazunguka na imetanuka kiunoni, kwa hiyo huku kwetu karibu na ikweta g ni ndogo kuliko kaskazini. Dar ni kama 9.78, ile 9.81 ni ya watu wa London. Kwa uzi wa mita 1, kinachotenganisha namba hizo ni sekunde 0.3 katika mabembeo 100, na kidole chenyewe huchelewa kubonyeza kama sekunde 0.2. Ndiyo maana ni rahisi kujisemea kwamba ni mkono tu, kisha ukapika data.

Na upishi huo tumewafundisha sisi walimu. Maksi tunampa aliyekaribia kitabu, tena bila kuangalia alifikaje. Linaniuma, kwa sababu najua linakopeleka. Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa kwenye maabara moja kuhesabu mionzi kwa kaunta ya Geiger. Alasiri moja hesabu zikapanda ghafla. Nikadhani nimeharibu kitu, nikaziacha bila kuziandika. Wiki iliyofuata msimamizi akauliza zilianza kupanda lini. Sikuwa na saa wala ukurasa wa kumwonyesha. Data za wiki nzima zikatupwa, na hazikuwa zangu peke yangu. Tulikuwa watu wanne.

Basi tukaanza upya: peni, hakuna ufutio. Ukikosea, piga mstari mmoja unaosomeka, andika saa na sababu. Kila kundi lilipima mara kumi, likachukua wastani na kuandika shaka ya kipimo, yaani namba hiyo inaweza kuyumba kwa kiasi gani. Mawili yakapata 9.77 na 9.79, shaka 0.02. La tatu likapata 9.68, nikawaona wanaanza kuhangaika. Nikawakataza kugusa namba, wakague vifaa. Ikawachukua dakika arobaini kugundua kwamba waliupima uzi hadi kwenye fundo juu ya gololi badala ya katikati yake. Sentimita moja! Ile 9.68 imebaki daftarini na maelezo yake, na kwangu ndiyo kazi nzuri kuliko zote za siku ile.

Jumamosi ijayo tunawasha kaunta ya Geiger bila chanzo chochote cha mionzi mezani, tuhesabu ile iliyopo kwenye mazingira tu, dakika moja moja, mara thelathini. Hapo hakuna namba ya kitabuni ya kulenga. Wataona kila dakika inatoa hesabu yake: ukipata 25, shaka ni kama 5, ukikusanya 2,500, shaka ni 50, yaani asilimia 2. Namba hizo ndizo tutakazochora kwa Python.