Kiota cha tano

Nimerudi nyumbani na vipande vya majani vimenasa kwenye sketi. Sijavitoa bado.

Darasa la pili nilikuwa nimewaandalia somo la vichuguu. Nikawasimulia jengo la Eastgate kule Harare, lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, aliiga namna kichuguu kinavyopitisha hewa, jengo likapoa bila viyoyozi vya kawaida. Walinisikiliza kwa adabu, lakini macho yalikuwa dirishani, kwenye mgunga wa uwanjani, wanakopiga kelele tangu alfajiri minana, wale ndege wasukao viota. Mvua zimeotesha nyasi huku kwetu Dodoma, na ndege wamo kazini.

Basi nikawatoa nje.

Kila kikundi kisuke kiota kitakachoning'inia tawini na kubeba kokoto kumi hata tawi likitikiswa. Gundi hakuna, kamba hakuna. Vidole viwili vifanye kazi ya mdomo; mkono wa pili ubane tu, kama mguu wa mnana.

Karibu wote walikimbilia nyasi kavu zilizorundikwa nyuma ya jiko la shule. Zikakatikakatika. Jibu lilikuwa limenijaa mdomoni, nikalimeza, na kwangu hakuna kazi ngumu ya ualimu kuliko hiyo. Binti mmoja aliyekuwa ameketi akiwatazama ndege akaja kunivuta mkono.

"Mwalimu, yule hachukui kavu. Anachana bichi."

Alikuwa ameona vizuri: mnana huuma ukingo wa jani, akaruka nao, ukachanika utepe mrefu. Ukiwa mbichi unapinda bila kuvunjika. Ukikauka, umeshakaa umbo lake.

Kiota cha kwanza cha binti yule kilimwaga kokoto zote. Akakifumua. Cha pili vilevile. Mwenzake akaanza kulengwa na machozi, akidhani wamekosa swali. Nikawaonyesha juu mtini: dume husuka, jike huja kukagua, na kiota kikikataliwa dume hukifumua akaanza upya. Nilipokuwa nikiwaeleza hayo nilikumbuka madaftari niliyoyatia kosa kwa kalamu nyekundu kwenye jaribio la kwanza, kisha nikayafunga. Ni mengi, na yananiuma.

Kiota cha tano kilishika kokoto saba. Kengele ikalia. Binti akakitundika tawi la chini, akaniagiza nisimruhusu mtu kukigusa, kwa sababu kesho anakuja kukaza shingo ya kiota.